Kliniki ya wajawazito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ambayo kinamama, na waume, mashangazi na mama wakwe wanaowasindikiza, huyarudia kila wiki kwenye mabenchi ya kliniki. Majibu yanafuata utaratibu wa Tanzania. Kama sasa hivi unatokwa damu, kichwa kinagonga au mtoto ameacha kucheza, acha kusoma hapa: nenda swali la 18, kisha nenda kituoni.

### Kuanza kliniki

1. Nianze kliniki mimba ikiwa na muda gani?

Mara tu unapojua umeshika mimba, na usivuke wiki ya 12. Wengi hungoja hadi tumbo lionekane, mwezi wa 5 au wa 6, kwa kuogopa kijicho au kwa kuona mimba "bado haijakaa". Hofu hiyo inaeleweka, lakini kwenda kliniki si kutangaza. Muuguzi hana ruhusa ya kumsimulia jirani yako, na hata mama mkwe akiuliza hatajibiwa.

Ukichelewa kuna mambo hayarudi. Presha ya wiki za mwanzo ndiyo tutakayoilinganisha na ya mwezi wa 8. Tusipoijua, 130 ya baadaye hatutajua kama ni kawaida yako au imepanda. Tarehe ya kujifungua hukadiriwa vizuri zaidi mimba ikiwa changa. Kaswende na VVU vikitibiwa mapema mtoto hukingika zaidi. Na kwa aliyewahi kupata kifafa cha mimba, kuna dawa ambayo inafaa ianzwe kabla ya wiki ya 16 (swali la 19).

Umeshachelewa? Nenda hivyo hivyo, hata kama imebaki wiki moja.

2. Mahudhurio ni mangapi? Mama yangu alikwenda mara 4 tu.

Mama yako alifuata utaratibu wa wakati wake. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliongeza mahudhurio kutoka 4 hadi 8, na mwongozo wa Tanzania ukafuata. La kwanza ni kabla ya wiki ya 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Utaona yanasongamana mwishoni. Huko ndiko presha hupanda ghafla, na ndiko tunakohitaji kujua mtoto ametanguliza kichwa au makalio.

Mwenye mapacha, presha, kisukari au damu pungufu huitwa mara nyingi zaidi. Fuata tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yako, usifuate ya shoga yako.

3. Siku ya kwanza watanifanya nini?

Tenga asubuhi nzima, na unywe chai kabla ya kutoka nyumbani. Siku huanza na somo la afya pale kwenye mabenchi. Baadaye unapimwa uzito na urefu (aliye chini ya sentimita 150 huwekewa alama, kwa sababu nyonga inaweza kuwa nyembamba), presha, na mkojo kuangalia protini na sukari. Damu hupimwa wingi wake, grupu, kaswende, VVU na malaria, na penye vipimo hupimwa pia homa ya ini aina ya B.

Kisha unaingia chumbani na mkunga, na mazungumzo hayo ndiyo sehemu ambayo wengi huipitia haraka mno. Ataulizia mimba zilizotangulia: ngapi zilifika, ngapi zilitoka, nani alizaliwa amekufa, nani kwa upasuaji. Sema yote. Mimba iliyotoka ukiwa na miaka 17, ambayo mume haijui, mkunga anahitaji kuijua, na unaweza kumwomba asiitaje mbele ya mume wako.

Unapopimwa presha, uwe umekaa kwa dakika kama 5, miguu imegusa sakafu, mkono umelala mezani. Ukipimwa umetoka kupanda ngazi kwa haraka na namba ikatoka kubwa, omba irudiwe.

4. Lazima nije na mume? Mimi sina, au yupo lakini hataki kuja.

Mwenza anahimizwa kuja siku ya kwanza ili mpime pamoja na asikie ushauri kwa masikio yake. Faida ipo: baba aliyesikia dalili za hatari hatabishana na wewe saa 8 usiku kuhusu nauli. Lakini anahimizwa tu. Kuja peke yako si sababu ya kunyimwa huduma.

Mahali pengine mwanamke aliyekuja peke yake huambiwa arudi na barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kuwa hana mume. Kwa maoni yangu hilo limefukuza wasichana wengi waliohitaji kliniki kuliko wengine wote. Ukikutana nalo, omba kwa adabu kumwona mganga mfawidhi na umweleze kuwa umekuja kupimwa. Wanaotoka kwenye ndoa yenye vipigo wana haki ya kuonana na mkunga faraghani, mume akiwa nje.

5. Ni kweli huduma ni bure?

Kwa Sera ya Afya ya mwaka 2007, huduma za wajawazito katika vituo vya umma hutolewa bila malipo. Kadi, chandarua chenye dawa, SP (vidonge vya kukinga malaria), vidonge vya kuongeza damu na chanjo ya pepopunda usivilipie. Kwa hali halisi, vitu vikiisha bohari utaambiwa ukanunue glavu au kipimo fulani nje. Uliza hicho ni nini, na kama kuna kituo cha jirani chenye nacho. Ukidaiwa fedha mkononi bila risiti, hayo ni mambo mengine, na ubao wa matangazo wa kituo huwa na namba ya malalamiko.

6. Kadi ya kliniki ni ya nani?

Ni yako, na unatembea nayo hata ukienda sokoni. Ukienda kujifungulia kwenu, kadi ndiyo itakayomsimulia mkunga wa huko kila kitu. Kila ukitoka chumbani, iangalie: presha imeandikwa? Wingi wa damu? Majibu ya kaswende? Pakiwa wazi, uliza, "Hapa pangeandikwa nini?" Huo si usumbufu. Nimeona kadi zilizofika wiki ya 38 nafasi ya grupu la damu ikiwa tupu, na mwenyewe alidhani ameshapimwa kwa kuwa alitolewa damu.

### Vipimo na hesabu

7. Tarehe ya kujifungua inahesabiwaje?

Chukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Iliyoanza 10 Machi inakupa 17 Desemba. Ndizo wiki 40. Hesabu inafaa kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Aliyeshika mimba akiwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango, au ananyonyesha na hedhi haijarudi, ni bora apige altrasaundi mapema.

Ni makadirio. Mtoto anayekuja kati ya wiki ya 37 na mwisho wa wiki ya 41 amekuja kwa wakati wake.

8. Altrasaundi ni lazima? Mara ngapi?

Inashauriwa moja kabla ya wiki ya 24. Itaonyesha umri wa mimba, kama ni mmoja au mapacha, kama mimba iko ndani ya mfuko wa uzazi, na baadhi ya kasoro za maumbile. Kondo la nyuma likionekana limekaa chini, utarudia baadaye, kwa kuwa mara nyingi hupanda kadiri mfuko unavyokua.

Baada ya hapo, inarudiwa pakiwa na sababu. Kujua jinsia si sababu ya kitabibu, ingawa najua ndiyo inayojaza foleni za vituo binafsi. Na altrasaundi haichukui nafasi ya kliniki: haipimi presha, haipimi damu.

9. Kwa nini mkunga ananipima tumbo kwa tepu?

Anapima kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi. Kuanzia kama wiki ya 24, sentimita hukaribiana na wiki: wiki ya 30, karibu sentimita 30. Tofauti ya sentimita 2 si kitu. Ikipungua zaidi ya hapo, huenda mtoto hakui vizuri au tarehe ilikosewa. Ikizidi, huenda ni mapacha, maji mengi au mtoto mkubwa. Ni kipimo cha bei ya tepu, na kinaokoa watoto pale mashine haipo.

10. Nimeambiwa damu ni pungufu. Nifanye nini?

Kwa mjamzito, chini ya 11 ni pungufu, na chini ya 7 ni hatari inayohitaji hospitali, pengine na kuongezewa damu. Kwanza jua namba yako. "Damu yako ndogo" si jibu.

Utapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, ambavyo wengi tunaviita FEFO. Meza kila siku, hata damu ikiwa nzuri. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Kichefuchefu kikizidi, meza usiku unapolala. Usimeze na chai ya rangi wala ya maziwa, wala usinywe chai pamoja na mlo, kwa kuwa inazuia chuma kufyonzwa. Acha ipite saa moja au zaidi. Meza na chungwa au maji ya ndimu.

Chakula: dagaa, nyama, maharage, mchicha, matembele. Juisi za rosela za dukani zinazosifiwa kuongeza damu zisichukue nafasi ya vidonge. Kama huongezeki baada ya mwezi mmoja, tafuta sababu: malaria, minyoo, selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi, swali la 14), au kula udongo (swali la 15). Dawa ya minyoo hutolewa kliniki baada ya miezi 3 ya mwanzo.

11. Nikikutwa na VVU, mtoto naye ndiyo basi?

Hapana. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Kwa matibabu mazuri wanashuka chini ya 5. Tanzania ilianza mwaka 2013 kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za ARV bila kungoja kinga ishuke, na huendelea nazo maisha yake yote.

Unajifungulia kituoni, mtoto anapewa dawa ya kinga tangu kuzaliwa, na anapimwa akiwa na wiki 6. Unamnyonyesha maziwa yako tu kwa miezi 6, bila maji wala uji, huku ukimeza ARV. Kuchanganya maziwa na uji mapema ndiko kunakoongeza hatari, jambo ambalo mabibi wengi wanaolea hawajaambiwa, kwa hiyo liseme nyumbani kwa lugha ya "daktari amekataza".

Aliyekutwa hana maambukizi hupimwa tena mimba ikikaribia mwisho, na wakati wa kunyonyesha. Maambukizi mapya kipindi hicho ndiyo yanayompata mtoto kwa kasi zaidi. Kumwambia mwenza ni jambo la kupanga na mshauri, na hata kuna njia ya nyie wawili kuambiwa pamoja. Kama unaogopa kupigwa au kufukuzwa, mwambie mshauri kwanza.

12. Na kaswende?

Inatibika kwa sindano ya penisilini, na sindano hiyo inamtibu mtoto pia. Mwenza lazima atibiwe, vinginevyo atakurudishia. Isipotibiwa huleta mimba kuharibika, mtoto kufia tumboni au kuzaliwa na madhara.

13. Grupu langu lina alama ya kutoa. Kuna shida?

Ukiwa Rhesus hasi na baba wa mtoto ni chanya, mtoto anaweza kuwa chanya. Mimba ya kwanza kwa kawaida haipati shida. Damu ya mtoto ikiingia kwako, mwili hutengeneza kinga, na kinga hiyo ndiyo itakayoshambulia damu ya mtoto anayefuata.

Kuna sindano ya kuzuia, iitwayo anti-D. Hutolewa karibu wiki ya 28, na ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto aliye chanya. Inahitajika pia mimba ikitoka. Mara nyingi hununuliwa nje na bei yake si ndogo, ndiyo maana grupu lijulikane mwezi wa 3, upate muda wa kudunduliza. Baba akiwa hasi pia, huna haja nayo, kwa hiyo kumpima baba kunaweza kukuokolea fedha nyingi.

14. Kwetu kuna selimundu. Mtoto wangu ataipata?

Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo swali hili liko mahali pake. Mtoto huugua akirithi vinasaba vya selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili. Mkiwa nyote ni wabebaji, wazima kabisa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa. Ni kila mimba. Kuzaa watatu wazima hakumaanishi wa nne "ndiye wa zamu", wala kuzaa mgonjwa mmoja hakumaanishi waliobaki wamesalimika.

Pimeni nyote wawili, ikiwezekana kabla ya mimba. Mama mwenyewe akiwa na selimundu, hiyo ni mimba ya hospitali kubwa tangu mwanzo, na zahanati haitoshi. Na tafadhali, lawama za "ukoo wenu" ziachwe mlangoni. Kimahesabu haiwezekani mmoja peke yake kuuleta ugonjwa huu.

### Chakula, dawa na mwiko

15. Nina hamu ya pemba na udongo. Nina kosa gani?

Huna kosa, hamu hiyo huwapata wajawazito wengi, na mara nyingi inaendana na damu pungufu. Tatizo ni kwamba udongo hunasa madini ya chuma tumboni, huku ukikupunguzia hamu ya kula. Unaweza pia kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi. Vijiti vile vya pemba vinavyouzwa sokoni, vimeokwa au vimekaushwa juani, hakuna anayejua vimechimbwa wapi.

Pima damu, meza FEFO, tafuna kitu kingine kigumu: karoti, muhogo uliopikwa, karanga. Barafu haina udongo, ila hamu kubwa ya barafu nayo ni dalili ya damu pungufu. Usifiche kwa mkunga.

16. Kuna vyakula vya mwiko? Na je, nifunge Ramadhani?

Mayai hayamfanyi mtoto awe na kipara, na ni protini ya bei nafuu kuliko nyama. Pilipili haimchomi macho. Ndizi pacha hazileti mapacha. Vya kuacha kweli ni pombe, sigara, na maziwa mabichi yasiyochemshwa.

Kuhusu saumu, dini imempa mjamzito ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Jinsi ya kulipa, muulize sheikh wako. Kwa upande wa afya, mwenye kisukari, presha, damu pungufu, mapacha, au anayetapika sana asifunge. Aliye mzima akiamua kufunga, ale daku ya maana, anywe maji mengi usiku, na afungue mara moja akipata kizunguzungu, mikazo, au mtoto akipunguza kucheza.

17. Dawa zipi ni salama?

SP ya malaria hutolewa kuanzia mwezi wa 4: vidonge 3 kwa mkupuo, unameza mbele ya muuguzi, na unarudia kila baada ya mwezi mmoja au zaidi hadi kujifungua, angalau mara 3. Ni kinga, kwa hiyo unameza hata kama huumwi. Unaweza kumeza bila kula. Anayetumia Septrin kwa sababu ya VVU hapewi SP, kwa kuwa dawa hizo ni ndugu na zikikutana hudhuru. Mwenye mzio wa salfa aseme mapema. SP haiondoi haja ya chandarua.

Pepopunda: kama hujawahi kuchanjwa, dozi ya kwanza siku ya kwanza ya kliniki, ya pili baada ya wiki 4. Dozi zikifika 5 kwa mpangilio wake, zinakulinda miaka yote ya kuzaa. Tunza kadi ya zamani ili usianze upya.

Dukani: paracetamol inaruhusiwa kwa kipimo chake. Diklofenaki, ibuprofen na doxycycline usiguse bila daktari. Homa usiitibu kwa kubahatisha, pima malaria kwanza, kisha umwambie muuza dawa kuwa u mjamzito na wiki ngapi.

Majani na mizizi ya kuongeza uchungu ndiyo ninayoyaogopa kuliko yote. Mkazo unaoletwa na dawa hizo haudhibitiki, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa. Ukishakunywa, mwambie mkunga bila kuogopa kukaripiwa, kwa sababu akikuongezea dripu ya uchungu bila kujua, hatari inazidi.

### Dalili za hatari

18. Ni dalili gani zisizosubiri asubuhi?

Kutokwa damu, hata kidogo, hata bila maumivu. Kichwa kuuma sana, kuona ukungu au vimulimuli. Uso na mikono kuvimba. Maumivu makali chini ya mbavu au tumboni. Degedege. Homa kali. Maji kutoka ukeni kabla ya uchungu. Kupumua kwa shida. Mtoto kupunguza au kuacha kucheza. Uchungu kabla ya wiki ya 37.

Piga 115 bila malipo. Ni mfumo wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022: anayepokea simu hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humtuma dereva wa karibu aliyesajiliwa ambaye hulipwa na mfumo. Iandike namba ukutani, na mpe mume, jirani na bodaboda wako. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 mwaka 2015/16. Vingi vilivyobaki ni vya kuvuja damu na presha, na vyote viwili havisubiri kikao cha ukoo.

19. Presha imepanda lakini sijisikii vibaya. Kwa nini nilazwe?

Kwa sababu presha ya mimba haiumi. Namba ikifika 140/90 baada ya wiki ya 20, na protini ikaonekana kwenye mkojo, tunaogopa kifafa cha mimba. Mgonjwa anaweza kukaa akiongea vizuri saa 4, na saa 6 akapata degedege. Hospitali ina dawa ya kushusha presha na sindano ya magnesiamu ya kuzuia degedege, na tiba kamili ni kumtoa mtoto na kondo kwa wakati unaofaa. Kifafa hiki si mapepo. Kinaweza kutokea hata baada ya kujifungua, kwa hiyo usiache kupimwa ukishazaa.

Aliyewahi kukipata, mwenye presha ya zamani, kisukari au mapacha, amuulize daktari kuhusu aspirini ya dozi ndogo. Usijianzie mwenyewe.

20. Mtoto anapaswa kucheza kiasi gani?

Wengi huanza kumsikia kati ya wiki ya 18 na 20, na wa mimba ya kwanza huchelewa kidogo. Ukifika wiki ya 24 hujasikia kitu, nenda. Hakuna idadi moja ya mateke kwa wote, unachofuatilia ni kawaida ya mtoto wako. Maneno kwamba mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa si kweli. Akipungua, nenda siku hiyo hiyo asikilizwe mapigo.

### Kujifungua na hali za pekee

21. Nitajua vipi nijifungulie zahanati au hospitali?

Amua na mkunga kabla ya wiki ya 36. Hospitali au kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji ni kwa aliyewahi kupasuliwa, mapacha, mtoto aliyetanguliza makalio, presha, aliyewahi kuvuja damu sana, na mwenye kondo lililotangulia, yaani lililokaa kwenye mlango wa uzazi. Kondo likiwa limetangulia, tendo la ndoa nalo linasitishwa. Kwa mimba isiyo na tatizo, tendo halimdhuru mtoto.

Ukiishi mbali, uliza nyumba ya kusubiria wajawazito, wengine huiita chigonela, na uhamie wiki chache kabla. Andaa khanga safi kadhaa, nguo na kofia ya mtoto, glavu, pamba, kibana kitovu au uzi safi, wembe mpya, akiba ya fedha, na mtu wa grupu lako aliye tayari kutoa damu.

22. Tarehe imepita. Ningoje?

Wiki ya 41 ikifika, nenda hospitali wapange kukuanzishia uchungu. Usivuke ya 42.

23. Mimi ni mwanafunzi.

Kliniki haikuulizi cheti cha ndoa, na mimba ya umri mdogo inahitaji uangalizi wa karibu zaidi. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shule baada ya kujifungua. Mzazi aongee na mkuu wa shule mapema.

24. Nimeajiriwa. Nina haki gani?

Kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004, likizo yenye malipo ni siku 84, na 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mpe mwajiri taarifa miezi 3 kabla, na cheti cha daktari. Unaweza kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe, na hupangiwi zamu ya usiku katika miezi 2 ya mwisho. Baba ana siku 3. Ukirudi, una saa 2 kwa siku za kunyonyesha.

25. Nilipoteza mimba iliyopita, na sasa silali kwa hofu.

Mimba moja kutoka ni jambo la kawaida kuliko tunavyosemezana, na mara nyingi haina kosa la mama: hakuinua ndoo vibaya, wala hakulogwa. Zikitoka 2 au zaidi, au mtoto akifia tumboni, mweleze daktari atafute sababu kama kaswende, sukari au presha.

Hofu yenyewe nayo inatibiwa. Ukiona wiki 2 zimepita unalia, hulali, huna hamu ya chochote au unawaza kujidhuru, hiyo inaweza kuwa sonona. Mwambie mkunga kwa maneno hayo hayo, na uombe ushauri nasaha. Akikujibu kwa mkato, mwombe mwingine, au rudi na mtu unayemwamini akusemee.